Akaunti Iliyofutwa: Faili Zake Ziko Wapi?

Miaka michache iliyopita niliitwa na walimu wa skuli moja ya sekondari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwalimu wao wa historia alikuwa amefariki dunia, na katika kompyuta za skuli aliacha kazi ya miaka mingi. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamezunguka kisiwa cha Unguja wakirekodi sauti za wazee: mafundi wa majahazi wa Nungwi wakitaja kila kipande cha chombo kwa jina lake, wazee wa Makunduchi wakisimulia namna Mwaka Kogwa ulivyofanywa utotoni mwao, wavuvi wa Malindi wakieleza pepo na misimu. Wengi wa wazee hao nao walikwisha tangulia mbele ya haki. Basi mwanzoni mwa muhula aliletwa fundi kuzisafisha kompyuta, akapewa orodha ya watu waliokwisha ondoka skulini, naye akafuta akaunti zao zote. Jina la marehemu lilikuwamo katika orodha hiyo.

Nilipofika, mwalimu mkuu aliniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, zile sauti zimekwenda wapi?" Fundi aliyekuwa kando yake akasema: "Mimi nilifuta akaunti tu, sikufuta faili." Mwalimu wa hesabu akasema kwamba yote ni mamoja, kilichofutwa kimefutwa.

Fundi alikuwa na haki kwa sehemu, na mwalimu wa hesabu alikuwa na haki kwa sehemu. Makusudio ya makala haya ni kueleza ni nini hasa kinachofutwa akaunti inapofutwa, nini kinachobaki, namna ya kukipata, na namna ya kukiondoa pale inapostahili kuondolewa. Kompyuta alizotumia marehemu zilikuwa tatu, na bahati ilitaka kila moja iwe na jawabu lake.

Jina na namba

Mtu anapokaa mbele ya kompyuta na kuandika jina lake pamoja na neno la siri, hudhani kwamba kompyuta inamjua kwa jina. Sivyo. Jina ni kwa ajili yetu sisi wanadamu. Mfumo unaoiendesha kompyuta humjua kila mtumiaji kwa namba, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa juu ya kila faili na kila folda anayoiunda. (Wako wanaoiita folda "kabrasha", nami sina ugomvi nao, hapa nitatumia neno linalosikika zaidi madukani na maofisini.)

Sababu yake ni rahisi kuifahamu kwa mtu wa Unguja. Ni watu wangapi kisiwani wanaoitwa Juma Ali? Kama nyumba moja ya Kiponda imeandikwa katika daftari kuwa ni ya Juma Ali, na mwenyewe akafariki, Juma Ali mwingine atokaye Wete hawezi kuja na begi lake akadai ufunguo eti kwa sababu jina ni lile lile.

Katika mfumo wa Windows, kwa nasaba ile iliyoanza na Windows NT mwaka 1993, namba hii ni ndefu. Huanza na herufi S, zikafuata tarakimu chache zinazoeleza aina ya namba, kisha namba tatu kubwa zinazoitambulisha kompyuta yenyewe, na mwisho namba fupi ya mtumiaji. Msimamizi mkuu aliyezaliwa pamoja na mfumo huwa ni 500 daima. Watumiaji wanaoundwa baadaye huanzia 1000 na kwenda mbele. Namba iliyokwisha tolewa haitolewi tena, hata kama mwenyewe amefutwa.

Katika Unix, uliobuniwa kwenye maabara za Bell nchini Marekani kuanzia mwaka 1969, na katika Linux iliyofuata njia yake, namba ni fupi zaidi. Msimamizi ni 0, na watumiaji wa kawaida siku hizi huanzia 1000.

Sasa tunaweza kusema kwa usahihi maana ya kufuta akaunti. Ni kuondoa mstari mmoja katika daftari la watumiaji, ule unaolifunga jina pamoja na namba na neno la siri. Faili za mtumiaji hazimo katika daftari hilo. Zimo katika folda yake, penginepo kabisa pa diski, nazo zimeandikwa namba tu. Mstari unapoondoka namba hubaki juu ya faili, ila hakuna tena awezaye kusema ni ya nani. Ukizitazama sifa za faili kama hiyo katika Windows, mahali pa mmiliki hukuti jina bali ile namba ndefu yenye kuanza na S.

Kama folda nayo inaondoka au haiondoki, hilo hutegemea amri iliyotolewa. Aliyetumia amri ya net user katika Windows, au amri ya userdel bila ya kiambatisho katika Linux, ameondoa mstari na kuiacha folda. Aliyepitia ukurasa wa akaunti katika jopo la udhibiti la Windows huulizwa kama azihifadhi faili au azifute. Akijibu zihifadhiwe, nyaraka, picha, muziki na vilivyomo katika eneo-kazi hukusanywa katika folda moja na kuwekwa kwenye eneo-kazi la msimamizi, lakini barua-pepe na mipangilio havikusanywi. Akijibu zifutwe, folda nzima huondolewa bila ya kupitia pipa la takataka. Na ukurasa mpya wa mipangilio uliokuja na matoleo ya baadaye haumpi hata hiari hiyo: hufuta akaunti na data pamoja. Fundi wetu alitumia njia moja leo na nyingine kesho, kama wafanyavyo wengi, bila ya kujua kwamba hazikuwa njia moja.

Kompyuta ya chumba cha walimu

Kompyuta ya kwanza ndiyo iliyomtetea fundi. Akaunti haikuwapo, lakini folda ilikuwapo ndani ya folda kuu iitwayo Users, na ukubwa wake ulionyesha kwamba haikuguswa. Tatizo lilikuwa kuifungua. Kila aliyejaribu alijibiwa kwamba hana ruhusa.

Kabla ya kuniita walimu walifanya jambo ambalo akili ya kawaida ingelishauri: waliunda akaunti mpya yenye jina lile lile la marehemu na neno la siri lile lile, wakidhani mlango utafunguka. Haukufunguka. Akaunti mpya ilipewa namba mpya, na kwa kuwa folda yenye jina hilo ilikwisha kuwapo, Windows iliunda folda nyingine pembeni yake, yenye jina la mtumiaji, nukta, na jina la kompyuta. Ni yule Juma Ali wa Wete amefika Kiponda, amekuta nyumba imefungwa, akajijengea kibanda kando.

Njia iliyo sawa ni kwa msimamizi kuuchukua umiliki. Huingia katika sifa za folda, sehemu ya usalama, akafungua mipangilio ya ndani zaidi, akabadili mmiliki na kuamuru mabadiliko yashuke mpaka kwenye folda zote zilizomo ndani. Baada ya hapo hujipa ruhusa ya kusoma. Katika Linux ni amri moja tu, chown. Hapana udukuzi wowote hapa. Msimamizi amepewa uwezo huu kwa makusudi, kwa sababu wenye mali huondoka na mali ikabaki.

Ushauri wangu kwa mwalimu atakayelifanya hili ni kwamba asizihamishe faili, bali azinakili kwenye diski nyingine. Faili inayohamishwa ndani ya diski ile ile huondoka na ruhusa zake za zamani, na kesho mtalalamika tena kwamba haifunguki. Faili inayonakiliwa huchukua ruhusa za folda inayoingia. Tena, asilia haiguswi, na mkikosea mna pa kurudia.

Katika folda ile tulikuta sauti nyingi za Makunduchi na za Malindi, kila moja na jina la mzee, kijiji na tarehe. Tulikuta pia barua za nyumbani na picha za watoto. Hapo nilisimama, nikaomba mjane wa marehemu aarifiwe. Alikuja siku ya pili, akakaa nasi mpaka mwisho. "Mwanangu," aliniambia, "za skuli chukueni, zetu nipeni mie." Tukafanya hivyo. Uwezo wa msimamizi wa kufungua folda ya mtu haumpi haki ya kusoma kila kilichomo. Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na masuala kama haya si ya adabu peke yake tena.

Niongeze neno juu ya Linux, maana maabara kadhaa huitumia. Kule hatari ni kinyume cha hii. Amri ya kuunda mtumiaji kwa kawaida hutoa namba inayofuata ile kubwa kuliko zote zilizomo katika daftari. Kama mtumiaji wa mwisho alikuwa 1003 na amefutwa, mtumiaji mpya atapewa 1003 hiyo hiyo. Atakuwa na jina jingine kabisa, lakini faili zote alizoziacha yule wa mwanzo zitakuwa zake siku ile ile, bila ya yeye kuomba wala msimamizi kujua. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kurithi mitihani ya mwalimu aliyehama! Kwa hivyo kabla ya kuunda akaunti mpya yafaa kutafuta faili zisizo na mwenyewe. Amri ya find hufanya kazi hiyo ikiambiwa nouser.

Kompyuta ya maabara

Kompyuta ya pili ilikuwa katika maabara ya wanafunzi, na humo fundi alijibu kwamba faili zifutwe. Folda haikuwapo. Ndiko zilikokuwa sauti za Nungwi.

Ili kufahamu kilichotokea, fikiria jumba la Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Msomaji anayetaka hati haingii ghalani kuzunguka rafu moja baada ya nyingine. Hutazama katalogi, akapata namba ya rafu, na hati ikaletwa. Sasa tuseme mtu ameichomoa kadi ya hati fulani katika katalogi na kuandika katika daftari la ghala kwamba sehemu ile ya rafu iko wazi. Hati yenyewe hakuigusa. Msomaji ataambiwa haipo, na kwake yeye kweli haipo. Lakini mwenye subira ya kupita rafu zote ataikuta imekaa palepale, mpaka siku mtunzaji atakapohitaji nafasi na kuweka hati nyingine mahali pake.

Diski hufanya vivyo hivyo. Imegawanywa katika vitalu vidogo, na katika Windows kitalu kimoja kwa kawaida ni baiti 4096. Liko jedwali kuu lenye kumbukumbu ya kila faili: jina lake, tarehe zake, mmiliki wake, na vitalu ilimokaa. Iko pia ramani inayoonyesha vitalu vipi vimeshikwa na vipi viko wazi. Faili inapofutwa, alama moja katika kumbukumbu yake hubadilishwa kuonyesha kwamba haitumiki tena, na vitalu vyake huandikwa kuwa viko wazi. Yaliyomo katika vitalu hayaguswi. Kufuta faili ya gigabaiti nzima huchukua nukta chache kwa sababu hiyo. Kama kompyuta ingelikuwa inaandika upya kila kitalu, tungelisubiri.

Katika diski za mkononi zenye mpangilio wa kale wa FAT, ufutaji unaonekana kwa macho. Baiti ya kwanza ya jina la faili katika orodha hubadilishwa ikawa 229, yaani E5 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Herufi moja tu ya jina imekufa. Hata hivyo mnyororo unaoeleza vitalu vinavyofuatana nao husafishwa, na faili iliyokaa vipande vipande hapo huwa taabu kuiunganisha.

Basi jambo la kwanza la kufanya, ukigundua kwamba kilichofutwa kinatakiwa, ni kuacha kuitumia kompyuta hiyo. Usiifungue intaneti, usiweke programu mpya, wala usiiweke programu ya kuokolea faili ndani ya diski ile ile, kwa sababu yaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta. Kompyuta izimwe, diski itolewe, iunganishwe na kompyuta nyingine, na inakiliwe yote kitalu kwa kitalu, vilivyo wazi na visivyo wazi. Uokoaji hufanywa katika nakala hiyo. Watu huiona hatua hii kuwa ni ya kupoteza wakati. Mimi nimeona diski kuukuu iliyofanya kazi mara moja ya mwisho, na mara hiyo ilikuwa ndiyo ya kunakiliwa.

Kwa bahati mbaya kompyuta ya maabara iliendelea kutumika wiki mbili kabla ya kuniita, na kumbukumbu nyingi za jedwali kuu zilikwisha kupewa faili nyingine. Ikabidi tutumie njia ya pili, ambayo haitazami jedwali kabisa. Faili za aina nyingi zina alama mwanzoni mwake. Picha ya JPEG huanza na baiti 255, 216, 255. Hati ya PDF huanza na alama ya asilimia ikifuatwa na herufi hizo tatu. Faili ya sauti ya MP3 mara nyingi huanza na herufi I na D na tarakimu 3, ambazo katika kompyuta ni 73, 68 na 51. Programu hupita diski nzima toka mwanzo hadi mwisho ikizitafuta alama hizi, na kila inapozikuta hukata kipande na kukihifadhi. Tulitumia PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Usiku mmoja ulitosha.

Asubuhi tulikuwa na sauti za Nungwi, takriban theluthi mbili ya zile zilizotajwa katika daftari la mkono la marehemu. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa na jina. Jina la faili halikai ndani ya faili. Hukaa katika jedwali, na jedwali ndilo lililopotea. Programu ilizipa majina yenye herufi f na tarakimu tupu zinazoeleza mahali pa diski zilipookotwa. Ikawa tuna wazee wanaozungumza, na hatujui nani ni nani. Nyingine zilikatika katikati ya sentensi, kwa kuwa kipande kilichofuata kilikuwa kwingine katika diski au kilikwisha kuandikwa juu.

Walimu wawili walikwenda Nungwi na kompyuta ya mkononi, wakakaa na watu wa pwani, wakazisikiliza pamoja. Mtu alitambuliwa kwa kikohozi, mwingine kwa namna alivyokuwa akilitamka neno la mkuku. Sauti zilipata majina yake tena kwa njia hiyo, isipokuwa nne ambazo mpaka leo hazijatambuliwa.

Kompyuta ya mkononi

Kompyuta ya tatu ilikuwa mpya kuliko zote, na ndiyo iliyotunyima. Diski yake haikuwa ya sahani zinazozunguka bali ya vipande vya kumbukumbu, yaani SSD. Katika diski za namna hii chembe iliyokwisha andikwa haiwezi kuandikwa tena kabla ya kusafishwa, na kusafisha hufanywa kwa mafungu makubwa, polepole. Ili diski isichelewe wakati wa kuandika, tangu Windows 7 ya mwaka 2009 mfumo huipelekea amri iitwayo TRIM kila faili inapofutwa, ukiiarifu kwamba vitalu fulani havihitajiki. Diski huvisafisha yenyewe inapopata nafasi. Hapo hati haichomolewi katika katalogi tu. Mtunzaji anaarifiwa, naye huitoa rafuni na kuichoma jioni ile ile. Tulipitisha programu ile ile, tukapata sufuri zimejipanga.

Lipo jambo jingine ambalo sikulikuta skulini hapo, lakini nimeliona kwingine, nalo ni faili zilizofungwa kwa msimbo wa siri. Katika baadhi ya matoleo ya Windows mtumiaji aweza kuzifunga faili zake ili asizisome yeyote. Majina yake huonekana kwa rangi ya kijani. Ufunguo wake hukaa katika folda ya mtumiaji mwenyewe, nao umefungwa kwa neno lake la siri. Akaunti na folda vikifutwa, ufunguo umekwenda, na hata ukizipata faili zote salama zitakuwa baiti zisizosomeka. Kuuchukua umiliki hakusaidii kitu hapa. Msimamizi anayekuta majina ya kijani na asimamishe kila kitu, na kwanza aulize kama nakala ya ufunguo ilihifadhiwa.

Kuondoa folda

Mpaka hapa nimesema juu ya kuokoa. Lakini folda za watu walioondoka haziwezi kubaki milele. Diski hujaa, na siri za watu hubaki wazi kwa kila msimamizi ajaye. Katika chuo nilichosomea ng'ambo akaunti ya mwanafunzi ilifungwa siku alipomaliza, lakini folda yake ilikaa miezi sita kabla ya kuondolewa, na barua mbili zilitumwa kwake katika muda huo. Wakati ule niliona ni urasimu.

Folda isiondolewe kwa kuishika na kuitupa tu. Windows huweka katika rejista yake ya ndani orodha ya wasifu wa watumiaji, kila namba na folda yake. Ukiitupa folda na kuuacha mstari wa orodha, na akaunti ikawa bado ipo, mtumiaji huyo akiingia tena hupewa wasifu wa muda, na kila anachokifanya siku hiyo hupotea anapotoka. Njia ya haki ni kufungua mipangilio ya ndani ya mfumo, sehemu ya wasifu wa watumiaji. Wasifu ambao akaunti yake imefutwa huonekana hapo kwa maneno yenye maana ya "akaunti isiyojulikana". Ukiufuta hapo, folda na mstari wake huondoka pamoja. Kama zimo akaunti tatu zisizojulikana na hujui ipi ni ya nani, linganisha namba na majina ya folda katika rejista kabla ya kufuta hata moja.

Baada ya kuondolewa hivyo, katika diski ya sahani yaliyomo bado yapo, kama tulivyoona. Kwa aliyepoteza hii ni rehema, na kwa anayeuza kompyuta ni hatari. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wakisoma katika chuo cha MIT nchini Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Diski 129 zilifanya kazi, na katika hizo 12 tu zilikuwa zimesafishwa sawasawa. Walikuta humo zaidi ya namba 5,000 za kadi za mkopo. Kompyuta za mtumba zinazouzwa kwetu zimetoka katika maofisi na majumba ya watu wengine, na za kwetu nazo zitakwenda kwa wengine. Kabla ya kuitoa kompyuta, diski ya sahani iandikwe juu yote. Mara moja yatosha kwa diski za siku hizi, tofauti na wanavyodhani wale wanaosisitiza mara saba. Diski ya SSD isafishwe kwa amri yake yenyewe iliyowekwa na mtengenezaji.

Na juu ya nakala ya akiba sitasema mengi, kwa sababu kila mtu husema na wachache hufanya. Sisi wa Unguja tunaijua taabu ya kutegemea kitu kimoja. Waya wa umeme utokao Bara kupitia chini ya bahari uliharibika Mei 2008, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Ukaharibika tena Disemba 2009, na safari hiyo umeme ulirudi Machi 2010. Sauti zilizokuwa katika ile kompyuta ya mkononi zilikuwa na nakala moja, na nakala hiyo ilikuwa ndani ya diski iliyosafishwa.

Majaribio kwa ajili ya darasa

Majaribio haya yafanywe mbele ya mwalimu, katika kompyuta isiyo na kazi za watu.

Chukua diski ndogo ya mkononi iliyo tupu, yenye mpangilio wa FAT32. Weka humo picha tano na faili moja ya maandishi matupu, na andika daftarini majina na ukubwa wa kila moja. Zifute zote. Kisha, kwa kutumia PhotoRec katika kompyuta, jaribu kuziokoa, na zinazopatikana zihifadhi katika kompyuta na si katika diski ile ile. Ni zipi zimerudi? Majina yake ni yapi, na kwa nini? Je, faili ya maandishi imerudi kwa urahisi sawa na picha? Rudia jaribio, lakini baada ya kufuta ijaze diski kwa faili nyingine mpaka nusu, kisha mpaka pomoni, na linganisha matokeo ya mara tatu.

Kwa jaribio la pili, msimamizi wa maabara aunde akaunti, aingie kwayo mara moja, aandike faili moja, kisha atoke na kuifuta akaunti kwa amri ya net user. Aunde nyingine yenye jina lile lile na kuingia. Wanafunzi waitafute folda mpya na kusoma jina lake, waangalie mmiliki wa folda ya zamani ameandikwaje, na waeleze kwa maneno yao kwa nini faili ile haifunguki. Darasa lenye kompyuta ya Linux lifanye vivyo hivyo kwa userdel, na kabla ya kuunda akaunti ya pili kila mwanafunzi aandike anachotarajia kukiona.